Mwalimu wa Picha Mbichi

Mwalimu alipaka kuta za darasa lake rangi ya majivu, akashona mapazia ya rangi hiyo hiyo, na saa za kazi akavaa koti la rangi hiyo hiyo juu ya nguo zake. Waliofika mara ya kwanza walidhani ni mtu mwenye msiba. Sisi wanafunzi wake tulijua sababu. Ukikaa mbele ya kompyuta umevaa blauzi nyekundu, wekundu wake unaruka mpaka kwenye kioo, nawe unaanza kuondoa kwenye picha wekundu ambao haukuwemo. Saa kumi na moja jioni alilivua lile koti, akalitundika nyuma ya mlango, akateremka barabarani na kitenge cha njano chenye ndege wakubwa wa kijani. Ungemwona kutoka kilima cha pili.

Darasa lilikuwa mtaa wa Kicukiro, ghorofa ya pili, juu ya mafundi cherehani. Kompyuta sita, printa moja, na birika la chai ambalo hakuna aliyeruhusiwa kulisogeza karibu na printa. Mwalimu alikulia Tanzania, upande wa Mwanza, na Kiswahili chake kilinyooka. Cha kwetu kilikuwa cha kila mtu alikotoka. Mimi nilikuja nacho kutoka Bujumbura, wenzangu wawili walikiokota Kampala, wengine walijifunza hapa hapa mjini wakikichanganya na Kinyarwanda. Mtu akisema, "Mwalimu, hii picha iko mbaya," yeye alijibu bila kugeuka: "Picha ni mbaya. Haya, sema ubaya uko wapi." Tulidhani anasahihisha lugha. Baada ya wiki mbili ndipo tulipoelewa kwamba lugha aliisahihisha mara moja tu, na lile swali la pili ndilo alilokuwa akilitaka.

Nilimwendea nikiwa nimeshapiga picha za harusi miaka miwili. Nilikuwa na kamera nzuri, na wateja waliniambia picha zangu zinapendeza, lakini mimi mwenyewe niliona kwamba bibi harusi mmoja, siku moja, gauni moja, alikuwa na ngozi nne tofauti katika albamu moja. Niliamini tatizo ni programu. Kwa hiyo siku ya kwanza nilinyoosha mkono nikauliza ni programu gani iliyo bora kuliko zote.

"Umekuja kununua au kujifunza?" aliniuliza.

"Kujifunza, Mwalimu."

"Basi swali hilo uliweke. Mwisho wa kozi kama bado unalo, nitakujibu."

Sikulirudia tena.

Alipenda kueleza kwamba kamera ina tabia ya haraka. Inapiga, kisha inaamua yenyewe rangi iwe ipi na giza liwe kiasi gani, halafu inatupa yale yote iliyoona hayana kazi. Lakini kamera nzuri ukiiambia ikutunzie picha mbichi, inakuletea kila ilichokiona bila kuamua lolote. Picha mbichi ukiifungua inachusha. Imepauka, haina uhai, mteja akiiona atakimbia. "Lakini kila kitu kimo," alisema Mwalimu, akigonga kioo kwa ukucha. "Kazi yako ni kukitoa. Na programu tatu zitakupa njia tatu za kukitoa, na kila moja itajaribu kukushawishi kwamba ya kwake ndiyo ukweli."

Zoezi lake lilikuwa moja, na kila kundi la wanafunzi lilipewa lile lile. Alikuwa na picha mbichi ya fundi wa kuchomelea wa Gisozi, amesimama kwenye mlango wa karakana yake mchana wa jua kali. Nusu ya uso iko juani, nusu kivulini. Fulana yake nyeupe, mlango wa bati umepakwa buluu, na ile buluu imemrukia shavuni. Tulitakiwa kuitengeneza picha hiyo mara tatu: kwa programu ya kulipia kila mwezi ambayo wapiga picha wengi wa mjini wanaitumia, kwa programu ya bure ambayo ina vitufe vingi kama chumba cha rubani, na kwa programu ya simu inayomaliza kila kitu kwa kugusa mara moja. Kila hatua tuliiandika kwenye daftari: tulianza na nini, tukaongeza nini, tukarudi nyuma wapi. Alikuwa mkali sana kwenye daftari. Ukimwonyesha picha nzuri bila hatua zake, alikurudishia. "Umebahatisha," alisema. "Kesho ukipata nyingine utafanyaje?"

Wiki ilipoisha tulizichapisha zote, zikabandikwa ukutani bila majina, picha kumi na nane za mtu mmoja. Wa chungwa, wa zambarau, mwingine kama amepakwa mafuta ya kupikia. Ya kwangu moja ilimfanya aonekane mgonjwa wa manjano. Tukiwa tunazikodolea macho, mlango ukafunguliwa na fundi mwenyewe akaingia, na fulana yake nyeupe. Mwalimu hakuwa ametuambia. Alimsalimia kwa heshima, akampa chai, akamsimamisha kando ya ukuta dirishani, akatuambia, "Haya. Mtafuteni."

Aibu niliyoisikia siku ile bado naikumbuka. Mtu alikuwa mbele yetu, na katika picha kumi na nane hakuwemo isipokuwa labda katika mbili.

Lakini kilichofuata hata Mwalimu hakukitegemea. Alimwomba fundi achague anayoipenda, na fundi bila kusita akaweka kidole kwenye ile ya simu iliyomng'arisha mpaka akawa mweupe kama mtu asiyetoka nje.

"Hii iko safi," alisema.

"Kwa nini, fundi?"

"Hapa ninaonekana kama mtu wa ofisi."

Tulicheka. Mwalimu hakucheka. Alimwomba auweke mkono wake karibu na picha. "Huu mkono ni wa huyu mtu?"

Fundi aliutazama mkono, na alama ndogo ndogo za cheche, akatikisa kichwa. "Oya, hapana, Mwalimu. Wa kwangu umeungua." Kisha akafikiri kidogo, akaongeza, akiigusa na moja ya zile mbili zilizofanana naye, "Hii inayong'aa nitaiweka sebuleni, mke wangu ataipenda. Hii nyingine, ambayo ni mimi, nitaibandika karakana, wateja wanijue."

Mwalimu alizitoa zote mbili ukutani akampa. Jioni, koti likiwa limeshavuliwa, alituambia kwamba miaka yote alikuwa akifundisha kana kwamba picha ni ya mpiga picha, na kwamba sasa itabidi alifikirie upya. Hakueleza zaidi. Kundi lililofuata, nilisikia, waliongezewa sharti moja kwenye zoezi: kuandika picha ni ya nani na itatundikwa wapi.

Msimfanye malaika, hata hivyo. Alikuwa na ukali usio na mpangilio. Programu ikijisasisha yenyewe na kuhamisha kitufe, aliitukana kwa Kisukuma, kwa sauti, mpaka mafundi cherehani wa chini walinyamazisha mashine wasikilize. Mafaili yake yalipangwa kwa mwaka, mwezi, siku na saa, lakini mkobani mwake hakuna aliyewahi kuona mwisho. Siku moja alitafuta ufunguo wa darasa dakika ishirini akatoa vijiko viwili, chaja tatu na karoti. Na yeye aliyetukataza kumng'arisha mtu hata chembe, picha yake ya WhatsApp ilikuwa ya mwanamke mwororo, mweupe, asiye na mkunjo hata mmoja usoni. Mwenzangu mmoja alipata ujasiri akamuuliza.

"Ile ni ya ndugu zangu wa Mwanza," alijibu. "Nataka wajue sijazeeka."

"Lakini Mwalimu, ulisema..."

"Nilisema kuhusu kazi zenu. Fungua kompyuta."

Jambo ambalo lilinifanya nimjue hasa lilitokea kozi ikiwa karibu kwisha, na kosa lilikuwa langu.

Nilikuwa nimepiga picha sherehe ya gusaba, ile ya kuposa, huko Busanza. Jua lilikuwa kali na shughuli yote ilikuwa uani chini ya hema. Bibi wa upande wa binti, mkecuru wa watu, yaani bibi kizee, hakutaka jua. Alikaa kwenye kiti ndani ya mlango, kilemba cheupe kichwani, akitazama wageni. Nilipita mbio, nikamwona, nikampiga picha moja. Moja tu, na kamera nikiwa nimeipima kwa mwanga wa nje. Nyumbani nilipoifungua niliona mlango na ndani yake giza, na katika giza kitu cheupe. Sikuiweka kwenye albamu. Nilibakiza faili kwa sababu Mwalimu alitukataza kufuta picha mbichi kabla ya mwaka kwisha, na nilimwogopa.

Wiki sita baadaye binti wa yule mkecuru, Mama Keza, aliyeniita kwa ile kazi, alinipigia simu asubuhi. Sauti yake ilikuwa imekwisha.

"Dada, mama ametuacha. Kesho tunamzika. Ile siku ulimpiga picha pale mlangoni, nilikuona. Iko?"

Nyumbani kwao walikuwa na ile ya kitambulisho tu, ndogo, ya zamani, imefifia. Walitaka ya kuweka mbele ya jeneza.

Nilimwambia ninayo. Sikumwambia ikoje.

Nilikimbilia darasani. Mwalimu aliifungua picha, akaitazama muda mrefu, akaniuliza swali moja. "Ulipima mwanga wapi?"

"Nje, Mwalimu."

"Haya." Aliwaambia wenzangu kwamba somo la siku hiyo limebadilika, anayetaka kuondoka aondoke. Hakuondoka mtu.

Tulianza na programu ya kulipia. Tulipoinua mwanga kwenye kivuli, uso ulitokea. Lakini ulitokea na chenga kama televisheni isiyo na antena, na uzambarau mashavuni. Tulipoiamuru iondoe chenga, iliondoa chenga na mikunjo yote pamoja. Tulibaki na bibi wa nta.

Mwenzangu mmoja akasema kuna programu mpya ya akili mnemba kwenye mtandao. Tukaipakia. Sekunde kumi. Darasa zima lilipiga kelele. Mkecuru mzuri alikuwa akitutazama, macho mawili maangavu, kila unywele wa nyusi mahali pake, ngozi safi, tabasamu kidogo. Mimi nilikuwa tayari kuibusu kompyuta.

Mwalimu alishika mausi. Alirudi kwenye ile mbichi, akaikuza, akaikuza tena, mpaka tukaona madoa matupu. Akaonyesha mahali pa jicho la kushoto.

"Hili jicho limefumba nusu," alisema. "Humu mwenu limefunguka. Nani amelifungua?"

"Labda alikuwa anapepesa," nilisema.

"Labda. Wewe ulikuwepo. Alikuwa anapepesa?"

Sikujua. Nilipita mbio.

"Mwalimu," nikasema, na sasa nilikuwa karibu kulia, "mazishi ni kesho asubuhi. Hii ni nzuri. Familia watafurahi."

"Watafurahi mpaka wamwangalie vizuri. Hii programu haikumwona mkecuru wako. Imeona weusi, ikakisia. Sogea."

Akakaa yeye. Alitumia ile ya bure, yenye vitufe vingi, ambayo sote tuliichukia. Hakuanza na uso. Alianza na kilemba. Kilemba kilikuwa cheupe, alisema, na kwa hiyo chochote kisicho cheupe juu yake ni rangi ya kivuli cha mle mlangoni. Tukiiondoa pale, tutakuwa tumeiondoa na usoni. Kisha akainua mwanga kidogo, akasimama, akanifanya niandike namba. Kidogo tena, nikaandika. Chenga alizipunguza lakini hakuzimaliza. Kila zilipoanza kuondoka na mkunjo wa ngozi, alirudi hatua moja. Mara mbili alifika mbali akaona amepotea, akafuta kila kitu akaanza upya kwenye kilemba. Mara ya pili nilitaka kumwambia inatosha. Nilimtazama usoni nikaacha. Wenzangu walileta maandazi, hakula. Tulianza saa nne asubuhi. Saa kumi na nusu alisukuma kiti nyuma.

Mkecuru alikuwepo. Hakuwa mwangavu. Alikuwa na vumbi vumbi la chenga, kama picha za zamani, na jicho moja limelala. Lakini alikuwa ameketi pale mlangoni, mzima, akitutazama.

Nilidhani Mwalimu atachapisha hiyo peke yake. Alichapisha zote tatu, ukubwa mmoja, karatasi ya aina moja.

"Mwenye uso hawezi kusema," alisema. "Aseme mwanawe. Twende."

Tulichukua pikipiki mbili mpaka Busanza, yeye amezikumbatia picha kifuani ndani ya bahasha. Nyumbani kwa Mama Keza watu walikuwa wamejaa uani. Tulikaribishwa chumbani, naye akaja na shangazi yake. Mwalimu alitoa pole, akaziweka picha mezani bila kueleza ipi ni ipi.

Shangazi aliishika ya akili mnemba kwanza. "Mbega mwiza!" alisema. Jinsi alivyo mzuri! Machozi yakamtoka. Mama Keza aliichukua mkononi mwake, akaitazama, na mimi nikamtazama Mwalimu. Alikuwa amefumbata mikono, vidole vimebana.

"Huyu anafanana na mama," alisema Mama Keza polepole, akaiweka mezani.

Ile ya nta aliiruka, akachukua ya mwisho, ya Mwalimu. Kisha akaweka kidole gumba chini ya lile jicho, taratibu, kama unavyomfuta mtoto.

"Hili jicho lilikuwa linalala akichoka," alisema. "Tangu zamani. Tulikuwa tunamtania. Shangazi, angalia. Alikuwa amechoka ile siku, na alikataa kwenda kulala." Akacheka na kulia kwa pamoja. Halafu akaniuliza, "Ila mbona ina vumbi, dada?"

Ningeweza kusema kamera, au giza la mlangoni. Mwalimu alikuwa akitazama ukutani, hakunisaidia.

"Ni kosa langu," nilisema. "Nilipima mwanga wa nje, nikampita haraka. Alistahili nisimame. Nisamehe."

Mama Keza alinitazama. "Ulimpiga," alisema. "Wengine hawakumpiga kabisa."

Wakati wa kurudi tulitembea kidogo kutafuta pikipiki. Nilimuuliza Mwalimu, je, kama wangechagua ile nyingine?

"Ningewachapishia kubwa, niwawekee na fremu," alisema. "Halafu ningeenda nyumbani nikalie. Nilikuwa nimeogopa, usinione hivi."

Tangu siku hiyo sijampiga picha mzee wa mtu bila kusimama, nikamsalimia, nikapima mwanga usoni pake. Wateja wengine hulalamika kwamba nachelewa.

Lile jengo la Kicukiro baadaye liliuzwa, darasa likafungwa, na kwa muda mrefu nilimsikia kwa watu tu. Mimi nilipata chumba Gisozi, juu ya karakana za Agakiriro, soko la mafundi. Nawapigia mafundi seremala picha za makabati na vitanda, kazi inayotaka rangi ya mbao kwenye simu ya mnunuzi iwe ile ile atakayoikuta mlangoni. Jumamosi nafundisha watu wanne.

Mwaka jana, Jumamosi moja, katikati ya somo, aliingia. Amepungua mwili, amevaa miwani minene. Alinipa ishara niendelee, akakaa nyuma.

Mwanafunzi wangu mmoja, Claudine, aliyekuwa muuguzi kabla ya kuacha kazi, alikuwa akitengeneza picha ya kabati kwa njia yake mwenyewe aliyoitafuta nyumbani. Aliichukua ile ile akili mnemba, lakini hakuiruhusu ichore chochote. Aliitumia kumtenganishia mbao na ukuta tu, kisha mbao akazishughulikia kwa mkono kutoka kwenye picha mbichi. Hata mimi sikuwa nimeijua njia hiyo. Nikasikia kiti kinasogezwa nyuma. Mwalimu alikuwa amesimama begani kwa Claudine.

"Dada, hapo umefanyaje?"

Claudine hakumjua. Aliona mama mtu mzima aliyepanda ngazi kutazama. "Karibu, mama. Keti nikuonyeshe."

Nilifungua mdomo nimweleze anaongea na nani. Mwalimu alinikata kwa jicho, akaketi, akatoa daftari mkobani.

Claudine alimwonyesha. Mwalimu akaandika, akashika mausi, akajaribu, akakwama hatua ya tatu. "Tuanze mwanzo," alisema. Akakwama tena. Misumeno ya mafundi chini ilikuwa ikilia, ikabidi Claudine ainame amwelezee sikioni. Mara ya tatu Mwalimu alikunja vidole, akavinyoosha, akarudi kwenye mausi. Wanafunzi wengine walianza kufunga kompyuta zao. Mara ya nne mbao ilijitenga na ukuta, safi, bila kupoteza mstari wake hata mmoja.

"Umeweza, mama!" Claudine alipiga makofi. "Ukiendelea hivi utakuwa mzuri sana."

"Nitajitahidi," Mwalimu alijibu, na uso wake haukuwa na mzaha hata kidogo. Alinigeukia. "Jumamosi ijayo mnaanza saa ngapi?"

"Saa tatu."

Aliandika.

Jumamosi iliyofuata nilifika saa mbili na robo ili nifagie. Alikuwa ameshafika, ameketi kwenye ngazi mbele ya mlango uliofungwa, daftari magotini, kurasa nne zimejaa.

"Fungua," aliniambia. "Nimeifanya mara kumi nyumbani. Nikiwa peke yangu, hatua ya saba bado inanishinda."